Kabla hujatuita wezi, tuletee makopo yako

Wiki iliyopita mteja alibwaga kopo juu ya kaunta ya duka letu la dawa, akasema tunawaibia watu. Binamu yake amemtumia vitamini B6 kutoka Marekani, tembe za miligramu 100, na akipiga hesabu anaona sisi tunauza kidogo kwa bei kubwa. Maneno haya tunayasikia kila mwezi.

Mtu mzima anahitaji miligramu 1.3 hivi za B6 kwa siku. Ukizidisha sana kwa muda mrefu, vitamini hiyohiyo huumiza mishipa ya fahamu: miguu inakufa ganzi, nyayo zinachoma. Sasa mtu wetu akipata ganzi anaomba nini? "Zile za mishipa", B1, B6 na B12 pamoja, ambazo baadhi zina miligramu 200 za B6 kwa kidonge kimoja! Mama mmoja alizimeza kutwa mara tatu kwa miezi minane bila kumuuliza mtu. Ganzi ilipopanda akadhani dozi haijatosha, akaongeza. Siku ile hatukumuuzia kitu, tulimwambia aache na aende hospitali. Vipimo vilimgharimu kuliko vidonge vyote alivyowahi kununua.

"Kama ni hatari, mbona serikali zinaruhusu?" Marekani, kwa sheria ya 1994, virutubisho vya aina hii havisubiri kibali cha FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, ndipo viuzwe, na kikomo cha wataalamu wao ni miligramu 100 kwa siku. Uingereza mwaka 1997 serikali ilisikiliza kamati yake ya masuala ya sumu, ikataka vya kuuzwa huria viishie 10 kwa siku. Wauzaji na watumiaji wakaja juu, wabunge wakahoji ushahidi, mpango ukawekwa kando. Mwaka 2003 jopo jingine likatoa namba ileile, 10. Umoja wa Ulaya nao, mwaka 2023, wataalamu wakashusha kutoka 25 hadi 12. Ushahidi kwa binadamu ni mchache, kila jopo linaacha nafasi ya tahadhari kwa kadiri linavyoona. Sisi tunafuata namba ndogo, na hatuombi radhi.

Hapa kwetu Tanzania, tangu 2019 chakula kiko chini ya shirika la viwango, TBS, na dawa ziko chini ya mamlaka ya dawa na vifaa tiba, TMDA; kopo likijinadi kutibu, hilo ni dawa. Lililokuja ndani ya begi la binamu halijapita kokote.

Bei yetu basi ina mfamasia ndani yake. Anakaa na wewe, anasoma lebo moja moja, anajumlisha kwa kalamu, maana multivitamini, "za mishipa" na unga wa mazoezi vyote vinaweza kuwa na B6. Dakika kumi hizo hatuzitozi kando.

Yule bwana alirudi Jumamosi na mfuko wa makopo manne. Jumla ikatoka miligramu 325 kwa siku. Akayarudisha mfukoni kimya kimya, akaaga. Hakununua kitu.