Risala ya Walimu na Wafanyakazi Siku ya Kumuaga Mwalimu Mkuu

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Mwenyekiti wa Bodi, wazazi na wanafunzi, hamjambo. Karibuni shuleni kwetu hapa Kakamega.

Mwalimu wetu Mkuu anastaafu akitimiza miaka 60. Ngazi alizipanda moja moja: mwalimu wa somo, mkuu wa idara, naibu, kisha ofisi hii. Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yamebandikwa ubaoni, kila mtu ameyasoma. Sisi tumeona tuseme juu ya stoo ya chakula.

Mheshimiwa, mgao wa serikali ni shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka: asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili, 20 wa tatu. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye karatasi. Mgao ukichelewa, bili ya umeme na mishahara ya wafanyakazi wa Bodi hukwama, na jicho la kila mtu huenda kwenye karo ya chakula. Ukiichota Februari, Juni stoo iko tupu, na bweni lenye njaa halitawaliki. Yeye hakuichota, hata tulipomnunia.

Mahindi huyanunua kuanzia Novemba hadi Januari, Trans Nzoia inapovuna na bei iko chini. Kamati ya ununuzi hukaa mapema. Gari likifika, kabla gunia halijashuka, Mwalimu Mkuu huitisha chupa kavu ya soda, hutia mahindi, chumvi kavu vijiko vitatu, hutikisa dakika moja na kungoja kumi na tano. Chumvi ikigandama kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15: gari linarudi na mzigo wake. Isipogandama, mahindi bado huanikwa hadi unyevu ushuke asilimia 13.5, maana juu ya hapo kuvu huingia, na sumu yake haiondoki kwa kuchemsha githeri. Kisha magunia hupangwa juu ya vichanja, mbali na ukuta, ya zamani yakitoka kwanza.

Ameshakabidhi leja, rejista ya mali, vitabu vya risiti na vyeti ambavyo wenyewe hawajavichukua.

Ombi letu ni moja, Mheshimiwa. Sakafu ya stoo imepasuka na unyevu unapanda kutoka chini. Tunaomba saruji ya kuimwaga upya, na kipima unyevu kikipatikana tutashukuru. Kwa sasa chupa anayo naibu.

Ni sisi, walimu na wafanyakazi.