Malalamiko: Kamera 16, Diski Moja na Ahadi ya Siku 30

Godauni la Nafaka,
Malaba, Wilaya ya Tororo.

Kwa Meneja,
Kampuni ya Kuuza na Kufunga Kamera za Usalama,
Kampala.

Ndugu Meneja,

KUH: HIFADHI YA VIDEO ISIYOTOSHA NA INTANETI INAYOKWAMA

Nalalamikia kazi mliyotufanyia hapa godauni. Kwenye makadirio ya bei, yenye muhuri wenu, mliandika kwamba kamera 16 zitarekodi usiku na mchana na video zitakaa siku 30. Tulilipa kwa kuamini maandishi hayo. Rekoda mliyoleta ina diski moja ya terabaiti 4.

Mnunuzi wetu wa Nairobi aliripoti upungufu wa magunia ya maharagwe wiki mbili baada ya lori kupakiwa. Tukafungua rekoda tuone upakiaji. Hakuna kitu. Video ya zamani kabisa haikufikisha hata wiki. Za nyuma yake zilishafutwa na kurekodiwa juu. Askari wetu wa zamu ya usiku sasa anashukiwa, na hatuna cha kumsafisha wala cha kumtia hatiani. Ni mtu mwenye familia, na anaingia kazini kila jioni akijua wenzake wanamtazama kwa jicho baya. Hilo linaniuma kuliko pesa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kila kamera mmeiweka kwenye megabiti 4 kwa sekunde. Nimeona kwenye mipangilio ya rekoda. Biti 8 ni baiti 1, kwa hiyo ni nusu megabaiti kila sekunde. Siku ina sekunde 86,400, basi kamera moja inakula gigabaiti 43.2 kwa siku, na zote 16 zinakula gigabaiti 691. Diski yenu inajaa kabla siku ya 6 kwisha. Siku 30 zinataka karibu terabaiti 21. Mngeweza kulipata jibu hilo kwa kikokotoo cha simu kabla ya kupiga muhuri.

Tulipolalamika kwa simu, fundi wenu alikuja akapunguza ukubwa wa picha, akashusha na fremu, yaani idadi ya picha zinazounda video, hadi 6 kwa sekunde. Siku ziliongezeka, ni kweli, lakini usiku nambari ya lori langoni imekuwa doa jeupe, na kuli aliyebeba gunia humtambui hata kama unamjua. Video ya namna hiyo hata ikikaa mwaka mzima haitusaidii. Tena kamera hizi zinakubali H.265, njia ya kubana video ambayo kwa ubora uleule hutumia takriban nusu ya nafasi ya njia ya zamani, H.264, ila fundi aliziacha kwenye H.264. Kwa nini?

Kuna na intaneti. Bosi yuko Kampala na mlimhakikishia kwamba ataona kamera zote kwa simu. Laini mliyotushauri tuchukue inapandisha, yaani inatuma kutoka hapa kwenda nje, megabiti 5 kwa sekunde. Kamera zote kwa picha kamili zinataka 64, na hata kwa picha ndogo ya nusu megabiti kila moja zinataka 8. Kasi kubwa mliyotutajia ni ya kushusha, na kamera hazishushi kitu, zinapandisha. Ndiyo maana bosi akifungua, picha zinaganda.

Tunataka mrudishe ubora wa picha wa mwanzo na kuziweka kamera kwenye H.265, megabiti 2 kila moja. Hapo siku 30 zitahitaji terabaiti 10.4, kwa hiyo mlete diski 2 za terabaiti 6, zilizotengenezwa kwa kurekodi saa zote, si za kompyuta ya mezani. Gharama iwe yenu. Usiku picha ikijaa chenga, kamera inaweza kutumia nafasi zaidi, kwa hiyo msitupunguzie hapo. Simu ya bosi ipangiwe kamera 4 za lango na za upakiaji kwa picha ndogo. Hizo ni megabiti 2, laini ya sasa inazibeba. Akitaka zote 16, mtuandikie kasi ya kupandisha inayohitajika kabla hatujalipia laini nyingine.

Fundi asiondoke kabla hajatuonyesha hesabu ya siku kwenye rekoda hiyo hiyo, mbele yangu na ya askari. Kazi hii isipokamilika ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, tutadai fedha zetu zote na mje mng'oe kamera zenu.

Wako,
Msimamizi wa Godauni