Grupu la WhatsApp si daftari la stoo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenye maduka wa Dar es Salaam, hasa wale ambao duka liko Kariakoo, stoo iko Tabata au Vingunguti, na bosi mwenyewe yuko kwenye foleni ya Buguruni anatoa maagizo kwa simu.

Chukua ujumbe huu wa maneno matatu: "Toa nondo 12." Aliyeuandika akiwa kaunta anajua anachotaka. Anayeusoma stoo ana njia tatu za kuuelewa: nondo kumi na mbili kwa idadi, nondo za milimita 12, au nondo za urefu wa mita 12 ambazo mteja hataki zikatwe. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina kilo 10 na ushei. Ya milimita 10 kwa urefu huohuo haifiki kilo 7 na nusu. Zikipakiwa zisizo zenyewe, fundi atagundua baada ya kirikuu (kigari cha mizigo) kuondoka, na safari ya kwenda na kurudi Mbezi itameza faida ya mauzo yote. Jioni utasikia mtunza stoo ni mzembe. Hapana, aliletewa ujumbe nusu.

Ujumbe mzima unasomeka hivi: "Nondo mm 12, idadi 30, mteja wa Mbezi, delivari namba 417, zitoke leo kabla ya saa 8 mchana." Kipimo kinatangulia pamoja na jina la kipimo chenyewe, kisha neno "idadi" linaandikwa kwa herufi zake, halafu mzigo ni wa nani, karatasi ipi ya mzigo (delivari), mwisho saa ngapi. Bati nalo lina mpangilio wake: geji, futi, rangi, idadi. Muuzaji mgeni aambiwe siku ya kwanza kwamba geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28, maana wengi hudhani namba kubwa ndiyo bati nzito. Na anayeandika "saruji mifuko 50" hajasema kitu bado. Mifuko ya daraja la nguvu 32.5 na ya 42.5 yote ni ya kilo 50, lakini bei yake haifanani wala kazi yake haifanani.

Kuna mtego mwingine ambao ni wetu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Simu inaandika 07:00, sisi tunasema saa 1 asubuhi. Ukiandika "kontena linashushwa saa 7", mmoja atakuja asubuhi mapema na mwingine atakuja mchana baada ya kula. Vibarua wa kushusha wanalipwa kwa siku, kwa hiyo kusubiri kwao unakulipia wewe. Andika zote mbili: "saa 7 mchana, 13:00." Tarehe nayo, andika mwezi kwa jina. 3/4 kwetu ni tarehe tatu Aprili, lakini ipo kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani itakayoisoma kuwa tarehe nne Machi.

Sasa nije kwenye grupu lenyewe. Grupu la WhatsApp ni daladala: linapitisha, halilazi mtu. Bei mpya iliyotumwa saa 3 asubuhi, ikifika adhuhuri imezikwa chini ya salamu, picha ya keki, tangazo la msiba na "sawa bosi" kumi na nne. Wa zamu ya jioni atapandisha kidole juu mpaka achoke. Aliyeingizwa jana kwa kawaida hayakuti yaliyoandikwa kabla yake, kwa hiyo kwake yeye duka limeanza jana. Tiki mbili za bluu zinasema ujumbe umefunguliwa. Hazisemi umeeleweka, na wala hazisemi kazi imefanyika. Mabosi wengi wanazitegemea kama hati ya makabidhiano.

Sisemi grupu livunjwe. Libaki kwa kupashana, ila liwe na nidhamu mbili. Kwanza, kazi ielekezwe kwa mtu mmoja kwa jina. "Jamani, nani ataangalia ule mzigo?" ni ujumbe uliotumwa kwa watu 14 na haukumfikia hata mmoja. Pili, neno "sawa" lipigwe marufuku katika kazi, maana halijulikani kama ni "nimesikia" au "nimemaliza". Yawepo maneno mawili: "Nimepata" unapopokea agizo, "Tayari" unapomaliza, pamoja na picha ya delivari iliyosainiwa.

Ujumbe wa sauti una kosa lake peke yake. Bosi anazungumza dakika tatu, na bei anayoitaja iko katika sekunde ya 130. Muuzaji mwenye mteja mbele yake hawezi kuusikiliza, na kesho hawezi kuutafuta kwa kuandika neno. Sauti itumike kueleza jambo, namba zote ziandikwe.

Kitu kinachotakiwa kukaa kiwe na pahala pamoja pa kukaa, na mtu mmoja mwenye kalamu. Mizigo ikae kwenye kadi ya stoo, kadi moja kwa kila bidhaa, imening'inizwa pale bidhaa ilipo, isifungiwe kwenye droo ya ofisini. Safu zake ni saba: tarehe, maelezo, namba ya karatasi, zilizoingia, zilizotoka, baki, sahihi. Tuseme kulikuwa na mifuko 112, ikashuka 300 kwa delivari namba 2281: mstari unaandika 300 iliyoingia, baki 412, sahihi ya aliyehesabu. Inaandikwa pale pale mfuko unapovuka mlango. Kadi nyingi hufa kwa sababu moja tu: zinaandikwa jioni, kwa kukumbuka. Mifuko 5 iliyotoka kwa haraka saa 6 haikumbukwi saa 12, na kuanzia hapo kadi inadanganya, watu wanaacha kuiamini, kisha wanaacha kuijaza. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa lisomeke, andika namba iliyo sahihi pembeni. Wino mweupe wa kufutia usionekane kabisa stoo.

Juu ya kila kadi iandikwe kwa kalamu nyekundu namba ya kuagiza. Hesabu yake ni nyepesi. Ukiuza mifuko 40 kwa siku na msambazaji anachukua siku 3 kuleta, unahitaji 120, ongeza 40 ya siku moja ya dharura, jumla 160. Baki ikigusa 160, mtunza stoo anaagiza bila kusubiri kuulizwa. Kule Japani viwanda vya Toyota vilijulikana duniani kwa kitu cha namna hii kinachoitwa kanban: kadi inasafiri na bidhaa, na ikirudi ndiyo agizo lenyewe, hapana haja ya mtu kupiga simu. Kwa saruji unaweza kuifanya Vingunguti leo. Panga mifuko isizidi 10 kwenda juu, juu ya mbao na mbali na ukuta, na kwenye rundo ambalo kuanzia hapo zimebaki 160 ning'iniza kadi ndani ya nailoni. Anayelifikia rundo hilo anaichukua kadi na kuipeleka kwa mnunuzi. Mzigo mpya ukiingia, kadi inahamishwa, na wa zamani unatangulia kutoka. Hilo la kuhamisha kadi ndilo watu husahau, mwishowe mifuko 160 ileile inakaa miezi mpaka inaganda.

Na hesabu isisubiri Desemba 31. Kila asubuhi kabla ya kufungua, watu wawili wahesabu bidhaa 5 na kulinganisha na kadi. Duka la bidhaa 130 linakwisha kwa siku 26 za kazi, halafu mnaanza upya. Upungufu unaogunduliwa baada ya wiki tatu bado una watu wanaoukumbuka. Wa miezi kumi unabaki kuwa ugomvi.

Bei zikae kwenye karatasi moja kaunta, yenye tarehe na namba ya toleo kichwani: "Bei namba 18, kuanzia Jumatatu." Ikija namba 19, anayeileta anaondoka na namba 18 mkononi. Mara nyingi tatizo si kwamba karatasi mpya haikufika. Ya zamani imebaki imegundishwa ukutani nyuma ya feni, na muuzaji mmoja bado anaisoma.

Kupokezana zamu kunahitaji dakika 10, wote wawili wakiwa wamesimama. Anayetoka anaandika kwenye kaunta buku mambo manne: mzigo uliolipiwa haujatoka, ahadi aliyopewa mteja na saa yake, chenji iliyomo kwenye droo, kilichoharibika. Anayeingia anayasoma kwa sauti, kisha anasaini. Hapo kwenye kusoma kwa sauti pasirukwe. "Yule mteja wa jana anarudi" inaonekana imekamilika kwenye karatasi, ikisomwa kwa sauti, swali la "mteja yupi?" linatoka lenyewe.

Lipa namba, yaani namba ya duka ya kupokea malipo kwa simu. Maduka mengi ujumbe wa malipo unaingia kwenye simu ya bosi, naye yuko Dodoma. Mteja anaonyesha ujumbe kwenye simu yake, muuzaji anampigia bosi, bosi hapokei, mteja ananuna. Au muuzaji anaamini ule ujumbe alioonyeshwa, kumbe ni wa kutungwa. Laini hiyo iwekwe kwenye kiswaswadu (simu ndogo ya batani) kinachokaa kaunta, namba ya siri ibaki kwa mwenyewe. Mzigo hautoki mpaka simu ya duka iingize ujumbe wake. Jioni, ripoti ya Z (jumla ya mauzo ya siku) ya mashine ya risiti ya EFD, jumla ya taslimu na ya lipa namba, pamoja na kadi za stoo, vyote viwekwe meza moja. Visipolingana, tafuteni usiku huohuo.

Wanaotumia kompyuta wameepuka karatasi lakini si ugonjwa. Utakuta "Stoo mpya", "Stoo mpya 2" na "Stoo ya mwisho kabisa", kila moja kwa mtu tofauti. Faili liwe moja la mtandaoni, mmoja aandike, wengine wasome tu, na liwe la aina inayotunza kumbukumbu ya nani alibadilisha nini. Mafaili mengine ya kila siku yapewe jina linaloanza na mwaka, 2025-03-14, yatajipanga yenyewe kwa mfuatano. Umeme ukikatika au bando likiisha, kadi inaendelea, kompyuta itajazwa baadaye kutoka kwenye kadi. Kinyume chake msijaribu.

Jambo moja wengi hawalifikirii. Picha ya kitambulisho cha NIDA cha mteja wa mkopo haina kazi kwenye grupu la watu 14. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamhusu pia mwenye duka anayekusanya taarifa za watu. Mwenye kuhitaji kuiona ni anayeidhinisha mkopo, basi.

Lakini kadi na kaunta buku havitasaidia palipo na makato ya jumla. Mifuko 6 ikipotea, bosi anagawa hasara kwa wote kwenye mshahara. Somo wanalolipata wafanyakazi ni kwamba anayetoa taarifa ya upungufu anajikata mwenyewe na wenzake, hivyo mfuko uliopasuka unafichwa nyuma ya rundo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 yenyewe imeweka masharti kabla ya kumkata mtu kwa hasara, likiwemo la kumpa nafasi ya kujieleza. Kwa duka nashauri hivi: kilichoharibika kikitolewa taarifa siku hiyohiyo, hakikatwi, kinaingia kwenye daftari la uharibifu, kikigunduliwa kwenye hesabu ya asubuhi bila taarifa, hapo ndipo maswali yaanze. Ndani ya mwezi mmoja daftari hilo litajaa, na bosi atashtuka akidhani uharibifu umeongezeka. Asiwapigie kelele. Ulikuwepo siku zote.

Mwisho, namba za wasambazaji. Nyingi zimo kwenye simu binafsi ya mnunuzi mmoja: nani ana bati kwa bei ya chini, nani anakopesha kwa siku 14, dereva gani wa fuso anaaminika. Zinakiliwe kwenye daftari la duka, kila moja na bidhaa yake, bei ya mwisho na tarehe ya bei hiyo, na daftari lipitiwe kila robo mwaka kwa sababu watu hubadilisha laini. Ifanyike mnunuzi akiwa bado kazini na mnaelewana. Siku ya kuacha kazi, anachokabidhi huwa ni funguo tu.

Wako,
Msomaji,
Ilala, Dar es Salaam