Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka wa Kuhesabu Upya

Ndugu wanachama,

Mwaka jana niliwaambia kwamba modeli yetu, yaani hesabu tunayotumia kukadiria idadi ya ndege, inaonyesha ndege wengi zaidi katika vitalu vya msitu vilivyopunguzwa miti kuliko vile ambavyo havijaguswa. Baadhi yenu mlipanga ukataji kwa kuitegemea kauli hiyo. Ilikuwa na kasoro, na sina budi kuanza nayo.

Hesabu zilikuwa sawa. Macho ndiyo yaliyotudanganya. Msitu ukipunguzwa miti, mwanga huingia na mtu huona mbali. Ndege aliyekuwa amejificha majanini sasa yuko peupe. Tuliandika kwamba wameongezeka, kumbe wengi walikuwepo siku zote. Dawa yake inajulikana tangu 2002, mtakwimu MacKenzie na wenzake walipochapisha njia ya kukadiria uwepo wa spishi, yaani aina ya kiumbe, kwa kurudia ziara mahali palepale. Kama uwezekano wa kumwona ndege aliyepo ni nusu kwa kila ziara, baada ya ziara tatu uwezekano wa kumkosa kabisa hubaki moja ya nane. Ndiyo maana mwaka huu tuliwachosha kwa kuwarudisha palepale.

Kuna fomu moja siisahau. Mbele ya neno "bundi" imeandikwa sifuri, sifuri, kisha moja. Alilia alfajiri ya ziara ya tatu, ndani ya shimo la mti mkavu uliokwishapigwa rangi ya kukatwa. Mti huo bado umesimama.

Kwa makadirio mapya, ile faida ya kupunguza miti imesinyaa sana, na kwa ndege wanaotaga kwenye mashimo ya miti imegeuka hasara.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni muda. Mwanaikolojia Tilman na wenzake walieleza mwaka 1994 jinsi makazi yanayoharibiwa leo yanavyoacha deni la spishi zitakazotoweka baadaye sana. Karibu na Manaus, Brazili, vipande vya msitu vya hekta 1, 10 na 100 vimefuatiliwa tangu 1979, na bado vinabadilika. Mabadiliko ya polepole namna hiyo huonekana tu ukihesabu palepale kwa miaka mingi. Kwa hiyo kamati imeamua vituo vyetu vya kuhesabia visihamishwe tena.

Hesabu za fedha zimekaguliwa na zimeambatishwa.

Upungufu wetu mkubwa ni vitalu visivyoguswa. Bila hivyo modeli haina cha kulinganisha. Mwenye kitalu anachoweza kukiacha bila kukata kwa miaka kumi, tafadhali amwone katibu kabla ndege hawajaanza kujenga viota.

Mwenyekiti