Nimechuchumaa Tu, Nalipia Nini?

Kila msimu wa theluji ukikaribia, lalamiko hili hurudi: "Nilikuja kupimwa pumzi, mkanichuchumaza saa nzima, kisha mkanitoza." Mteja wa mwisho kulisema aliondoka akiamini ameibiwa. Tumeona tuieleze kazi yenyewe: kupima jinsi mwili wa mtelezaji wa skii unavyojongea, kabla ya kumpangia mazoezi.

Skii za masafa marefu, yaani kusafiri juu ya theluji kwa vibao virefu vyembamba miguuni na fimbo mikononi, ni mchezo wa moyo na mapafu kwanza, hatubishi. Asiye na pumzi hataupanda mlima kwa sababu anachuchumaa vizuri. Ila mbio kama Vasaloppet ya Sweden ni kilomita 90, na ukiacha pale unaposukuma kwa fimbo zote mbili pamoja, kila hatua unateleza juu ya mguu mmoja. Nyonga ikilegea upande mmoja, skii hulalia ukingo wake na kukwaruza theluji, na mguu wa pili hulazimika kutua kabla ya wakati. Kosa ni dogo, lakini unalirudia mara maelfu, na kila mara linakula pumzi uliyoitafuta miezi mizima.

Kuna mteja alikuja akilaumu nta, ile inayopakwa chini ya skii. Skii yake ya kushoto ilikuwa ikirudi nyuma kila akipanda kilima. Alikwisha kubadili nta, akanunua hata skii mpya, hali ni ile ile. Tukamwambia azibadilishe, ya kushoto aivae kulia. Kama kosa lingekuwa la skii, lingehama nayo. Halikuhama, lilibaki mguu wa kushoto. Skii za mtindo wa klasiki, ule wa kwenda skii zikiwa sambamba, zimepindwa katikati kwa makusudi, na nta ya kushikia hukaa chini ya pindo hilo. Haishiki theluji mpaka uikandamize kwa uzito wako wote. Kifundo chake cha kushoto kiliteguka zamani kikabaki kigumu. Goti halikwenda mbele, uzito ukabaki kisigino, pindo halikulala. Gharama ya zile skii mpya ingetosha kumpima na kumfuatilia msimu wote, na chenji ikabaki.

Wapo wanaotaka "orodha ya mazoezi tu" bila kupimwa, au wanaiga ya rafiki. Hatuitoi. Ukiona mguu dhaifu ukaubebesha vyuma wakati shida yake ni kifundo kisichokunjika, unaujengea nguvu ya kufanya kosa lile lile, na kulirekebisha baadaye huchukua muda mrefu zaidi.

Wengine hujipima wenyewe kwa Functional Movement Screen, vipimo saba vya mijongeo ya mwili, kila kimoja alama 0 hadi 3, wakatuletea jumla kati ya 21. Jumla peke yake haitusaidii. Vipimo vitano kati ya hivyo hufanywa kulia na kushoto, na alama ya chini ndiyo inayohesabiwa, kwa hiyo tofauti ya pande mbili, ambayo ndiyo tunayoitafuta, humezwa humo. Tuletee alama za kila upande.

Wala si kila tofauti ni kasoro. Katika mtindo huru, ule wa kusukuma skii kwa pembeni kama mtelezaji wa barafu, mlima mkali hupandwa kwa kupiga fimbo mara moja kwa kila hatua mbili, na daima pamoja na mguu wa upande ule ule, hivyo mwili huzoea upande wake. Sisi tunataka kujua kama unaweza kuubadili njia inapolalia upande mwingine. Ndiyo maana baada ya vipimo vya sakafuni tunakuvisha skii za magurudumu na kukupiga video kutoka nyuma, kwanza ukiwa na nguvu, halafu ukiwa umechoka. Wengi hunyooka mwanzoni, wakapinda wakichoka. Saa huishia hapo, na bei yetu imetoka hapo.

Njoo na viatu vyako vya skii na fimbo unazotumia, na siku moja kabla usifanye mazoezi mazito. Ukihisi maumivu, sema papo hapo: kipimo kinachouma huandikwa 0, tunasimama, tunakuelekeza kwa daktari, na sehemu iliyobaki hulipii.