Wati si sauti, jamani wauzaji wa amplifaya

Mhariri, naomba nafasi kidogo gazetini manake hili jambo linatia watu hasara na mimi limenichosha. Hapa Lamu kuna vijana wa gitaa na watu wa taarab wanaotafuta amplifaya za valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti), na dukani wanaambiwa ati ukigeuza swichi ya triodi sauti inapungua nusu, ukirudisha pentodi (hizo ni njia mbili za kuunga valvu ileile) inapanda mara mbili. Si kweli hata kidogo.

Chukua amplifaya ya valvu mbili za aina ya EL34. Kwa pentodi klasi AB (valvu mbili zinapokezana kazi, nitaeleza chini) inatoa kama wati 50, ukiiweka triodi, yaani skrini (wavu wa ndani ya valvu) inaungwa na anodi (bati la ndani linalopokea umeme), inashuka mpaka ishirini na kitu. Wati zimekuwa nusu ndiyo, lakini sikio halihesabu hivyo, nusu ya wati ni desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 3 tu, utasikia imeshuka kidogo basi. Ili mtu aseme hii sasa ni mara mbili zataka kama desibeli 10, na hizo ni wati mara kumi, yaani utoke 50 uende 500! Kinachobadilika sana kwa triodi ni ladha, sauti inalainika, haichomi.

Halafu kuna hii ya klasi A. Watu wanadhani A ndo kali kuliko zote. Klasi A valvu haipumziki, inakula umeme uleule hata kama hakuna anayepiga kitu, na mwingi unaishia kuwa joto. Kwa AB zile mbili zinapokezana, muziki ukipanda moja inasukuma nyingine inapumzika, ndo maana wati zinapatikana nyingi. Juzi nimeletewa mashine ya AB ambayo fundi mmoja kaipandisha bayasi (umeme unaopita kwenye valvu ikiwa kimya) ati iwe klasi A ipate nguvu, nikaiwasha taa za chumba zimezimwa, dakika chache tu lile bati la ndani ya valvu limeshika wekundu, doa linaanzia katikati linatanuka. Anodi ya EL34 mwisho wake ni wati 25 za joto, ukipita hapo unaiua, na valvu zenyewe mpaka uagize mbali. Wallahi iliniuma.

Anayetaka kusikika aangalie spika kwanza. Spika ya desibeli 100 kwa wati 1 ukiipa wati 5, ambazo valvu moja ya EL84 inazitoa, inalia sawa na spika ya desibeli 90 iliyopewa wati 50. Na kwa nyumba zetu zilivyobanana huku Langoni, hizo 5 jirani ashagonga mlango.

Kwa hiyo wauzaji nawaomba, mkiandika wati kwenye kikaratasi cha bei andikeni pia ni za klasi gani, triodi au pentodi, na spika ina desibeli ngapi. Mteja akiuliza mwambieni ukweli.

Fundi wa redio,
Langoni, Lamu