Spika sitoi

Birmingham, Jumapili jioni

Kaka,

Salamu kwako na kwa shemeji. Mimi sijambo, zamu za usiku zinaendelea, baridi ndiyo hiyo mnayoisikia. Ujumbe wako wa kuniomba nichangie spika za kanisa nimeupata, na ule wa kukumbusha, na ule uliompa Senje, shangazi yetu, anitumie, ingawa Senje hajawahi kuandika "amplifaya" maishani mwake. Elfu themanini! Kaka, kilima chote kile kinawasikia tayari.

Friends wa huku, yaani Quaker wenzetu, hawana hata ngoma. Nilishawaambia, mkacheka. Hakuna pasta, hakuna kwaya. Viti vimepangwa mviringo, katikati meza yenye maua na Biblia. Watu wanaingia, wanakaa, wananyamaza saa nzima. Anayesukumwa na Roho husimama, akasema machache, akaketi, na hakuna wa kumjibu papo hapo. Wanayaacha maneno yatue. Jumapili nyingine hasimami mtu, na wanatoka wakisema ibada ilikuwa nzuri.

Ndivyo walivyofanya tangu enzi za George Fox, miaka ya 1650, alipohubiri kwamba Kristo mwenyewe humfundisha mtu moyoni bila kupitia kasisi, na watawala wakawa wanamfunga jela mara kwa mara. Wale wamishonari watatu wa Kimarekani waliofika kwetu Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902 walitoka upande wa Friends waliokuwa wameshazoea mapasta na nyimbo, ndiyo maana sisi tulirithi mahubiri, ngoma tukaongeza wenyewe. Na sasa Kenya ndiyo yenye Quaker wengi kuliko nchi yoyote. Wazee wa hapa wakisikia natoka Kaimosi wananishika mkono kama mtu aliyetoka Yerusalemu. Tena mwaka huu wamenichagua niwe mmoja wa wazee wa mkutano: saa ikitimia, mimi ndiye ninayegeuka na kumpa jirani mkono, na ibada imekwisha. Mwambie mama. Mke wa pasta naye asikose kusikia.

Usidhani kimya hicho ni kusinzia. Mwanzoni unasikia kila kitu: bomba la joto likigonga, tumbo la jirani, kifaa cha masikio cha mzee mmoja kikipiga mluzi. Hayo yakipita unaanza kujisikia mwenyewe, na hapo ndipo pagumu. Bili. Zamu. Maneno niliyomjibu msimamizi. Halafu ule mvule wa baba, ulioukata wewe ukauza mbao. Kila Jumapili, mvule! Nyumbani ningeimba ukanitoka. Huku hakuna wimbo wa kuufunikia. Siku moja nikaacha uje wote. Nikaona kumbe si pesa ya mbao inayoniuma. Chini ya mti ule ndipo mlipokaa siku ya mazishi, na mimi nilimwona baba akishushwa kupitia simu, mtandao ukikatikakatika. Nilikuwa nimejiwekea kwamba nikija nitakaa hapo kwanza, kabla sijaingia nyumbani. Wewe ukaona mbao tu.

Hasira haijaisha, usifurahi. Ila sasa najua inakaa wapi, na siku hizi hainiamshi usiku.

Na nisikudanganye: kuna Jumapili natamani kinamama waanzishe wimbo kwa Kimaragoli, ngoma iingie, niimbe mpaka sauti ikauke. Nikirudi nyumbani napika mrenda wa kwenye friji na kufungulia nyimbo zetu kwenye simu, kwa sauti ndogo, maana ukuta wa jirani ni mwembamba.

Basi, spika sitoi. Nimetuma elfu ishirini kwa namba ya mama, si yako, za mabati ya jiko na dawa za presha. Mkizipata spika kwa njia nyingine, mwombe pasta awape dakika kumi tu za kukaa bila kuziwasha. Najua atakataa. Mwombe hivyo hivyo.

Na kisiki cha mvule bado kipo? Kama kipo, mtu asikichimbue mpaka nije Desemba. Na uniambie ulimuuzia nani.

Dada yako